Mbio haziishi mpaka wa mwisho afike: barua ya wazi kwa wanaoandaa mbio za barabarani Dar es Salaam

Ndugu waandaaji wa mbio, ndugu makamanda wa usalama barabarani, na ndugu viongozi wa riadha wa jiji,

Tunawaandikia sisi wakimbiaji wa ridhaa: tunaolipa kiingilio kwa fedha zetu, tunaofanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda kazini, na ambao hatuji kugombea zawadi. Kwenye mbio za kilomita 21 mshindi humaliza kwa saa moja na dakika chache. Wengi wetu hutumia saa mbili hadi tatu, na wapo wanaofika saa tatu na nusu. Mipango mingi tunayoikuta barabarani imetengenezwa kwa ajili ya ile saa moja ya kwanza. Ikishapita, maji yamekwisha, wahudumu wa njia panda wamekwenda kunywa chai, koni zimekusanywa na bajaji zimerudi. Ombi letu ni moja: hesabu zote za mbio zipigwe kwa kumwangalia mtu wa mwisho.

Tuanzie kwenye barabara, kwa kuwa ndiyo inayowagombanisha waandaaji na trafiki, na trafiki na madereva, halafu anayesukumwa pembeni ni mkimbiaji. Kikomo cha saa tatu na nusu kwa kilomita 21.1 ni mwendo wa dakika 10 kwa kila kilomita. Hesabu hiyo ianzie pale mtu wa mwisho anapovuka mstari, maana watu 3,000 wakipita kwenye geti la upana wa mita 6, wa nyuma kabisa atavuka dakika 6 hadi 8 baada ya king'ora. Kwa hiyo kama king'ora kimelia saa 12:00 asubuhi, mtu huyo atapita kilomita ya 5 saa 12:58, ya 10 saa 1:48, ya 15 saa 2:38, na atamaliza saa 3:38 hivi. Hizo ndizo saa za kuandika kwenye barua ya kuomba kibali. Mwandaaji akiandika "saa 12 hadi saa 3" kwa sababu inasomeka vizuri na kupitishwa haraka, kamanda atakayefungua barabara saa 3:00 kamili hana kosa. Watu wa nyuma watakuwa bado wana karibu kilomita 4, na watazikimbia katikati ya daladala.

Barabara haina haja ya kufungwa yote na kufunguliwa yote. Inafunguliwa kipande kwa kipande nyuma ya msafara wa mwisho, nao una mpangilio wake: mkimbiaji wa mwisho, pikipiki ya msindikizaji, gari la kuwabeba waliochoka, gari la wagonjwa, lori la kuokota koni, kisha trafiki anayeruhusu magari. Lori la koni likitangulia mbele ya mkimbiaji wa mwisho, mbio zimekwisha kwake hata kama bado ana namba kifuani. Njia ya kwenda na kurudi palepale, kwa mfano kutoka Oysterbay kupitia Daraja la Tanzanite hadi Barabara ya Barack Obama na kurudi, ina taabu yake: kipande cha kwanza kufungwa ndicho cha mwisho kufunguliwa. Njia ya mzunguko humwachia trafiki nafasi mapema zaidi, na tungependa wapangaji wa njia wakae na trafiki mezani wakiwa na ramani kabla ya kutangaza mbio, maana wengi huenda kwake wakiwa wameshachapisha fulana. Mtu atakayepitwa na gari la mwisho naye aambiwe utaratibu siku anapochukua namba: ama apande, ama ahamie kando kama mpita njia mwingine, akijua kwamba ulinzi umeishia hapo.

Wakazi wa mitaa ya njiani wana haki yao pia. Jumapili asubuhi kuna ibada ya kwanza, kuna wauguzi wanaobadilishana zamu, kuna mtu anayewahi ndege. Wiki moja kabla, makaratasi yenye saa za kufunga na kufungua kila mtaa yafike serikali za mitaa, makanisani, misikitini na vituo vya bodaboda. Na kila baada ya umbali fulani pawe na kivuko ambapo mhudumu mwenye bendera anaruhusu gari moja moja kupita wakimbiaji wakiachana. Dereva anayejua kwamba atavuka baada ya dakika tano hapigi honi.

Nchi hii ndiyo ya John Stephen Akhwari, aliyeumia njiani kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na kuingia uwanjani wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuta mstari bado upo, na alikuta mtu wa kuandika muda wake: saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Sisi tunaomba hilohilo.

Sasa umbali. Kila baada ya mbio huzuka ubishi: mmoja saa yake imeandika 21.4, mwingine 20.6, na mwandaaji anajibu kwamba saa za mkononi si za kuaminika. Ukweli uko katikati. Saa inayotumia setilaiti huzidisha kidogo, kwa sababu mkimbiaji hapiti njia fupi kabisa kwenye kona, anawakwepa wenzake, na majengo marefu ya Posta hupotosha mawimbi. Kuzidi kwa asilimia 1 au 2 ni jambo la kawaida. Lakini wakimbiaji kumi wakileta saa zinazosoma pungufu, kosa haliko kwenye saa. Aghalabu njia ilipimwa kwa mita ya gari au kwa kuchora mstari kwenye ramani ya simu, na vyote viwili havitoshi.

Njia inayokubaliwa na Shirikisho la Riadha la Dunia ni ya baiskeli iliyosawazishwa, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na jukwaa la muziki. Kwenye ekseli ya gurudumu la mbele hufungwa kihesabio kidogo cha meno kinachohesabu zaidi ya mara 20 kwa kila mzunguko wa gurudumu, hivyo kila namba ni chini ya sentimita 12 za barabara. Kwanza hutafutwa barabara iliyonyooka, angalau mita 300, ikapimwa kwa utepe wa chuma. Utepe huo wenyewe unarekebishwa kwa joto, kwani chuma hurefuka: kwenye nyuzi 32 kipande cha mita 300 hukosewa kwa sentimita 4 hivi. Mpimaji huendesha baiskeli juu ya kipande hicho mara 4 kabla ya kupima njia na mara 4 baada ya kumaliza, kwa sababu jua likipanda hewa ndani ya tairi hutanuka, gurudumu hukua, na hesabu za saa 4 hazifanani na za saa 12. Akiwa njiani hupita mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kona, na akitoka kona ya kushoto kwenda ya kulia hukata barabara kwa mshazari. Ndiyo maana anahitaji pikipiki ya trafiki nyuma yake: kuna mahali anakwenda upande ambao magari yanamjia.

Mwisho huongezwa mita 1 kwa kila kilomita, ili kosa lolote dogo lisiifanye njia iwe fupi. Kwa nusu marathoni ni mita 21 za ziada. Cheti hudumu miaka mitano iwapo njia haijaguswa.

Na kuguswa ni rahisi. Koni ya kugeuzia ikisogezwa mita 10, umbali umebadilika kwa mita 20, kwa kuwa mtu anazikimbia mara mbili. Njia iliyopimwa kwa upana wote wa barabara ikifungwa upande mmoja tu siku ya mbio, imeongezeka. Iliyopimwa kwa upande mmoja, koni za kona zikakosekana, imepungua. Haya hayatokei kwetu peke yetu. Nusu marathoni ya Glasgow ya mwaka 2016 ilikutwa pungufu kwa karibu mita 150 kwa sababu kipande kimoja hakikufuata njia iliyopimwa, na marathoni ya Manchester ya 2013, 2014 na 2015 ilipungua mita 380 kwa kosa la kusawazisha baiskeli. Muda wa maelfu ya watu ukafutwa kwenye orodha rasmi. Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03. Taifa la bingwa huyo halifai kubishana juu ya mita 400. Alama za kuanzia, kugeuzia na kumalizia zipigwe msumari kwenye lami na ziandikwe kwa vitu visivyohama, kama vile "mita 3 na sentimita 20 kaskazini mwa nguzo ya taa iliyo mkabala na lango". Kibanda cha chipsi hakifai kuwa alama.

Joto la Dar es Salaam tunalijua wote, ila mipango ya maji huandikwa kana kwamba tunakimbia kwenye baridi ya Iringa. Kinachotuumiza kuliko nyuzi joto ni unyevu wa hewa. Alfajiri mara nyingi unyevu hupita asilimia 80, jasho halikauki, linadondoka chini, na jasho linalodondoka halipoozi mwili. Kati ya Novemba na Machi, wakati wa kaskazi, saa 2:00 asubuhi tayari ni mateso kwa mtu aliyebakiza kilomita 7. Juu ya Daraja la Tanzanite hakuna hata mti mmoja wa kujibanza, na lina urefu wa kilomita moja. Mbio za kilomita 21 zikiandaliwa katika miezi hiyo zianze saa 11:30, mara baada ya swala ya alfajiri, na kipande kisicho na kivuli kikimbiwe mwanzo. Kuanza gizani nako kuna sharti: matuta yapakwe rangi nyeupe na kila tuta liwe na mtu mwenye tochi, na mashimo ya mifereji yasiyo na mifuniko yazibwe siku moja kabla. Katikati ya kundi huoni miguu yako, sembuse tuta.

Hesabu ya maji ni hii. Vituo viwe kila kilomita 2.5, yaani vituo 8 kwa kilomita 21. Kila mtu huchukua vikombe viwili, kimoja cha kunywa na kimoja cha kujimwagia kichwani. Kikombe kikijazwa mililita 150, wakimbiaji 2,000 wanahitaji lita 600 kwa kituo, na ukiongeza asilimia 20 za kumwagika ni lita 720 na vikombe 4,800. Kuanzia kilomita ya 12 weka vikombe vitatu kwa kila mtu, kwa sababu huko ndiko watu wanakochelewa na jua limeshawaka. Kituo kinachohudumia wanaokwenda na wanaorudi ni vituo viwili; hapa ndipo hesabu hukosewa mara nyingi kuliko kwingine, na kituo hicho hukauka kabla nusu ya watu hawajarudi.

Chupa ya nusu lita inaonekana ni ukarimu, kumbe ndiyo inayowanyima wa nyuma. Mtu wa mbele anakunywa mafunda matatu na kuitupa ikiwa imejaa robo tatu. Lita zilikuwepo za kutosha, ila zimelala mtaroni. Halafu kuna vizibo: kisigino kikitua juu ya kizibo kwa kasi, kifundo cha mguu kinapinda. Kama lazima ziwe chupa, zifunguliwe kabla na vizibo vibaki kwenye ndoo chini ya meza. Vikombe vijazwe theluthi mbili, mhudumu akishike kwa ukingo wa juu, mkono umenyooka, atembee hatua mbili kufuata mwendo wa mkimbiaji ili kisimpokonywe kwa nguvu. Meza zipangwe kwa urefu wa mita 30 pande zote mbili za barabara, na kabla hujafika pawe na kibao: "Meza 6, usisimame ya kwanza." Bila kibao hicho watu wote hugandamana kwenye meza ya kwanza huku ya sita mhudumu anapunga mkono. Mapipa ya taka yawe mita 50 na mita 100 mbele, kwa kuwa hakuna anayetupa kikombe akiwa bado ananyanyua kingine. Kinywaji cha chumvi na sukari kichanganywe kwa kipimo cha mtengenezaji. Kikizidi ukali, tumbo linakataa na mtu anatapika kilomita ya 16.

Mshereheshaji naye aache kuwasihi watu wanywe, wanywe, wanywe. Anayetembea kwa saa tatu akinywa kila kituo bila kiu anaweza kupunguza chumvi ya damu hadi kuchanganyikiwa, na dalili zake humlaghai mhudumu akadhani ni ukavu wa maji na kumwongezea mengine.

Kwenye huduma ya kwanza tungependa mabadiliko mawili. La kwanza ni kiharusi cha joto. Mkimbiaji anayeyumba, anayejibu ovyo, ambaye joto la ndani la mwili limepita nyuzi 40, apoozwe palepale kwanza, ndipo asafirishwe. Kumpakia kwenye gari na kwenda naye hospitali kupitia foleni iliyosababishwa na mbio zenyewe ni kupoteza ile nusu saa inayookoa ubongo na figo. Vifaa si vya kifahari: turubai imara, lita 150 za maji, barafu ndoo nne au tano, na watu sita wa kushika kingo. Mgonjwa analazwa katikati, maji ya barafu yanamwagwa yamfunike kiwiliwili, na wanaoshika wanalitikisa turubai ili maji yasitulie. Mtu wa kichwani anakishikilia kisizame. Joto likishuka karibu na nyuzi 39 anatolewa, asije akapoa kupita kiasi. Barafu ya jiji hili inauzwa Feri kila alfajiri. Inahitaji kuagizwa tu.

La pili ni moyo. Kila dakika inayopita bila kifaa cha kushtua moyo hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Wengi wanaoanguka kwa moyo huanguka robo ya mwisho ya mbio, pale mtu anapojikaza baada ya kusikia spika za uwanjani. Vifaa visikae vyote hemani. Kimoja kiwe mstari wa mwisho, na vingine viwe kwenye pikipiki au baiskeli kuanzia kilomita ya 16, kila msaidizi akiwa na kipande chake kifupi anachoweza kukifikia ndani ya dakika tatu. Njia ya kutokea gari la wagonjwa ifungwe kwa uzio, kwa maana leo ndiyo inayojaa watu wa kupiga picha na medali. Nyuma ya kila namba ya kifuani paandikwe kundi la damu, ugonjwa wa kudumu na simu ya ndugu, na meza ya kugawa namba iwe na kalamu isiyofutika.

Kuhusu kuanza: kilomita 21 ziondoke kwanza, 10 baada ya dakika 30, na matembezi ya kilomita 5 mwisho kabisa, ila yasipite kwenye kipande cha mwisho cha wenzao. Klabu zetu za jogging ni furaha ya jiji, na mchakamchaka wenye nyimbo ni utamaduni wetu, hatutaki uondoke. Lakini klabu ya watu 80 waliojipanga wanane wanane ikiziba barabara kilomita ya mwisho, anayekuja kwa kasi kwenye mbio za kilomita 21 hana pa kupita. Ikiwa hakuna budi kipande hicho kitumiwe na wote, utepe mrefu katikati ya barabara, walio kwenye matembezi kushoto, unamaliza tatizo. Namba ziwe na rangi tofauti kwa kila umbali, na mhudumu wa njia panda afundishwe kuita rangi: "Nyekundu kushoto, bluu moja kwa moja!" Hata akiita vizuri mara elfu moja, haisaidii akiondoka mapema; kwa hiyo alipwe posho yake gari la mwisho likishampita.

Chipu ya kupimia muda iliyo kwenye namba haisomeki ikikunjwa, ikiwa chini ya mkanda wa simu, au ikigusana na ngozi yenye jasho, kwa kuwa maji humeza mawimbi yake. Namba ibanwe kwa pini nne kifuani, juu ya nguo zote. Na zulia la kusomea chipu liwepo kila mahali pa kugeuzia, vinginevyo anayekata njia huonekana shujaa kwenye matokeo.

Vyoo: katika nusu saa ya mwisho kabla ya kuanza, choo kimoja hupokea watu 15 kwa dakika mbili mbili. Watu 3,000, theluthi moja wakihitaji, ni vyoo 67. Pakitengwa mahali pa haja ndogo kwa wanaume, idadi hiyo hushuka sana, na vya wanawake viwe na taa, maji na pipa lenye kifuniko.

Tunaomba mambo matatu yabandikwe hadharani kabla usajili haujafunguliwa: cheti cha upimaji wa njia chenye tarehe, ramani inayoonyesha vituo vya maji na vya huduma ya kwanza, na jedwali la saa za kufungua kila kipande cha barabara. Wapo miongoni mwetu wahandisi, wauguzi, madereva na walimu wa michezo walio tayari kushika utepe wa kupimia au kusimama njia panda Jumapili ambayo hawakimbii. Mkituita, tutafika.

Wenu katika riadha,
Wakimbiaji wa ridhaa, Dar es Salaam